Kimya cha Kona ya Ukweni

Baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta, na katika maisha yake yote alimwogopa mtu mmoja tu: mama mkwe wake. Hakuwaogopa walevi waliorusha chupa jukwaani, wala mchungaji aliyemtenga na Meza ya Bwana kwa kosa la kupiga dansi. Lakini akikaribia kwa bibi yangu, kule Kamuli, alishuka kwenye baiskeli mapema, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaanza kukohoa bila kuwa na kikohozi.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito. Wakikaribiana njiani, mama huingia kwenye migomba mpaka mkwe apite. Mkwe akija nyumbani, mama huondoka uani akakaa chumba cha nyuma, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Sisemi ni vibaya, ila nikiziona picha hizo najikuta nimegeuza uso kana kwamba nimefungua mlango wa bafu kuna mtu.

Ugumu wa desturi hii ni mkwe anayefika bila taarifa. Simu hatukuwa nazo. Wakwe wengine walipiga hodi wakiwa mbali, wengine walitanguliza mtoto. Baba yeye, mwezi ule ule aliomuoa mama, alisimama kwenye kona ya njia, pale mibuni ya bibi inapoanza na nyumba haijaonekana bado, akatoa tarumbeta kwenye mkoba wake na kupiga. Zilikuwa sauti chache tu, za chini, zikipanda polepole, kama mtu anayeuliza kama wenyewe wapo. Kisha akanyamaza. Alisubiri muda wa mwanamke kuinuka kwenye mkeka wa kahawa, kupita kwenye kinu, kuzunguka ghala na kufunga mlango wa nyuma. Alipoona muda umetosha akapiga sehemu ya pili, ya haraka na ya furaha, huku anatembea, mkono mmoja kwenye tarumbeta na mwingine unasukuma baiskeli.

Ndivyo wimbo ule ulivyozaliwa. Baba alikuwa kwenye bendi mjini Bukoba, na siku hizo kila bendi ilijiita ya jazi, hata yenye magita mawili na ngoma iliyopasuka. Aliupeleka kwa wenzake, wakaupa jina la "Kona ya Ukweni", wakaupiga ukumbini. Haukupendwa. Sehemu ya kwanza ikiisha bendi nzima ilinyamaza, na wachezaji walibaki wamesimama katikati ya ukumbi wameshikana viuno, hawajui waendelee au wakakae. Wengine walidhani umeme umekatika. Kiongozi wa bendi alimsihi baba akifupishe kile kimya. Baba akamjibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kiongozi akasema anaogopa mshindo huo usije ukawa wa chupa.

Mwaka wa sabini na nane, miezi michache kabla ya vita, bendi ilisafiri mbali kwenda kurekodi santuri. "Kona ya Ukweni" iliwekwa upande wa pili, ule ambao watu huugeuza wakishachoka na upande wa kwanza. Fundi wa mitambo alisimamisha kazi mara mbili akidhani waya umechomoka. Baba alimweleza kwamba pale katikati kuna mtu anatembea. Fundi akasikiliza tena, akasema yeye hasikii mtu yeyote, na santuri ina dakika tatu. Walipoipokea ile santuri ikiwa tayari, kimya kilikuwa kimekatwa chote. Sehemu ya kwanza iliisha, na ya pili ikaingia hapo hapo bila hata pumzi.

Kisha vita vikaja. Ndege za adui zilipotupa mabomu mjini, mama alinifungia nguo zangu kwenye kanga na kunipeleka kwao, upande ambao sasa ni Kyerwa lakini wakati ule yote ilikuwa Karagwe. Nilikuwa na miaka saba. Bibi alikuwa mjane, anakaa peke yake na mbuzi watatu na kibanja cha migomba na kahawa ambacho hakuna aliyethubutu kumfundisha namna ya kukilima. Vita vilipoisha bendi nayo ilikuwa imeisha. Vyombo viliuzwa, wapiga gita wawili hawakurudi tena. Baba akachukua tarumbeta yake na mama, wakahamia kwenye kibanja cha babu upande wa baba, Chonyonyo. Mimi nilibaki kwa bibi, kwa sababu bibi hakutaja habari ya kunirudisha na mama hakuwa na ujasiri wa kunidai.

Kwenye barabara yetu palikuwa na duka la mfanyabiashara kutoka Muleba aliyekuwa na gramafoni. Siku moja tumekwenda kununua chumvi, chumvi haipo, lakini santuri ya baba ipo. Yule bwana aliiweka kwa kutuheshimu. Bibi aliketi kwenye kiroba mlangoni, akasikiliza ile sehemu ya kwanza huku ameinamisha kichwa. Sehemu ya pili ilipoingia ghafla, alishtuka na kushika magoti kama mtu anayetaka kuinuka.

"Huyu ananifukuza," alisema.

Alikataa kuisikia mara ya pili. Njia nzima alinung'unika kwamba mkwe wake hana haraka hizo, wamemharibia. Nilipomsimulia baba, alicheka, kisha akaniuliza bibi alisema maneno gani hasa. Nikayarudia. Nadhani yalimfurahisha kuliko pesa yoyote ya santuri ile.

Baba alikuja mara tatu kwa mwaka: wakati wa kuchuma kahawa, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, na Krismasi. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa baiskeli. Shule yangu ilikuwa kando ya barabara, naye alipanga kufika wakati tunatoka. Kabla hata hajaniuliza habari za masomo, aliniuliza, "Bibi anatembeaje siku hizi?" Nami nilimweleza yote. Kwamba asubuhi mgongo unamsumbua. Kwamba sasa akipita kwenye kinu anakishika. Kwamba amechongewa fimbo lakini haitumii, anaitundika. Baba alitikisa kichwa, akatupia buni moja mdomoni, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kutafuna, akatembea amenyamaza mpaka konani. Alikuwa anahesabu hatua za mwanamke ambaye hajawahi kumwona akitembea.

Kwa hiyo wimbo haukubaki ule ule. Kila mwaka kimya kiliongezeka kidogo. Mtu aliyeusikia mara moja tu angesema una kimya kirefu, basi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kimya hicho. Konani nilikuwa natangulia mbio mpaka nyumbani, nikamwona bibi akisikia sauti ya kwanza, akitua ungo, akijifuta mikono, akiweka sawa kitambaa cha kichwa kana kwamba ataonekana. Alijivuta kuelekea nyuma akiwa na uso ambao sikuuona siku nyingine yoyote. Wakati ule niliuita uso wa haraka. Nilikuwa mtoto, nilikosea.

Wakishaingia kila mtu mahali pake, nilikuwa posta yao. Baba alikaa sebuleni, bibi nyuma ya ukuta wa matete, na kila mmoja alimsikia mwenzake waziwazi. Bibi alisema nimuulize mkwe kama kahawa ya Chonyonyo imechanua, nikageuka nikamuuliza baba, baba akasema nimwambie imechanua, na huku nyuma bibi alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kabla sijafungua mdomo. Baba alimtumia shikamoo kwa mkono wangu, na marahaba ilirudi kwa mkono wangu. Wakati mwingine nilichoka, nikawaambia si mnasikiana? Wote wawili walinikemea kwa pamoja, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza waliyokubaliana jambo bila posta.

Nilipokuwa darasa la sita, bibi aliteleza akiwa na mzigo wa nyasi za kutandaza kwenye migomba. Goti lilivimba likawa kama kichwa cha mtoto. Alinikataza kumwambia baba. Alisema mkwe akijua mama mkwe ni mgonjwa ataona haya kuja, na Krismasi itapita bila mgeni. Basi baba aliponiuliza pale shuleni, ambapo nilimngojea hata wakati wa likizo, nilimtazama machoni nikasema bibi anatembea vizuri tu.

Sehemu ya kwanza ilipolia, nilimshika bibi kwapani. Alikuwa mzito na mimi mdogo. Tulifika kwenye kinu, akasimama kupumzisha goti, na hapo hapo nikasikia sehemu ya pili. Ilikuwa na furaha zaidi ya siku zote, maana ilikuwa Krismasi. Nilipiga kelele baba asubiri, lakini tarumbeta ina sauti kuliko mtoto. Alitokeza uani akiwa bado anapiga. Bibi aliinua ungo uliokuwa juu ya kinu akaficha uso, na kahawa yote iliyokuwamo ikamwagika juu ya kichwa chake na mabegani. Baba alisimama tarumbeta ikiwa mdomoni bila sauti. Kisha akatua chini mfuko wa zawadi, akageuza baiskeli, akashika njia ya kurudi Chonyonyo siku ile ile bila kunywa hata maji.

Nililia mpaka jioni. Bibi aliokota kahawa yake punje kwa punje, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Desturi yetu ina mlango wake. Mama mkwe akipenda anaweza kumfungulia mkwe wake: mkwe huleta nguo, mama huipokea na kuivaa, wanakula sahani moja, na tangu siku hiyo wanaonana kama mama na mwana. Majirani wengi walikuwa wameshafanya hivyo. Baba alikuwa hajathubutu. Baada ya Krismasi ile alithubutu, kwa sababu alitaka kuomba radhi na hakujua njia nyingine. Ilikuwa miaka ya shida, hata sabuni tuliitafuta kwa tochi, na kitenge kizuri kilipita mpakani kwa magendo. Sijui alikipataje. Alikipiga pasi mwenyewe, akakikunja, akanipa nimpelekee bibi nyuma ya ukuta.

Bibi alikishika, akakinusa, akapitisha kidole kwenye maua yake. Kisha akanirudishia.

"Mwambie bado," alisema.

Baba alikipokea kwa mikono miwili kama alivyokitoa. Alisema nimwambie bibi kwamba ameshukuru. Miaka mitatu baadaye alijaribu tena kwa kitenge kile kile, na jibu likawa lile lile, bado. Hapo ndipo nilipomsikia akimwambia mama, mimi nikiwa Chonyonyo likizo, kwamba anataka jambo moja tu: kumwona kwa macho mwanamke aliyemzaa mke wake, wote wawili wakiwa hai. Alisema bibi alimwona mhuni wa dansi tangu mwanzo, na siku ile ya ungo alithibitisha. Mama alimwambia aachane na mambo hayo, mama yake ana kichwa kigumu. Nilijua mhuni wa siku ile ni mimi, na nilishindwa kulisema.

Wakati huo wimbo ulikuwa umeanza kutembea bila baba. Bendi moja ya mikoa mingine ilitoa kanda yenye "Kona ya Ukweni", gita likiwa limechukua kazi ya tarumbeta. Waliutia maneno. Walimwimba mume mjinga anayepiga mbinja kwenye kona kila anaporudi nyumbani, na hivyo kumpa mgoni wake nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Pale penye kimya waliweka gita la mbio, ndiye mgoni anaruka ua. Baba aliisikia kwenye lori alilopanda kupeleka kahawa, akashuka kabla ya kufika. Bibi aliisikia dukani kwa yule bwana wa Muleba, akacheka mpaka machozi, akataka irudishwe. Alisema mgoni huyo kijana ana miguu mizuri. Habari hiyo sikumpelekea baba. Posta nayo hujifunza kuchagua barua.

Baadaye kwaya ya kanisa moja, yenye matarumbeta mengi, iliurekodi nayo. Baba alialikwa kuusikiliza, kwa kuwa alishakubaliwa tena mezani. Waliupiga polepole na kwa usafi mkubwa, na pale penye kimya wanakwaya wote walisimama wakaimba haleluya tatu. Baba alipeana nao mikono, akawasifu. Tulipokuwa njiani akaniambia kwamba watu wanaogopa kimya, wanakitazama kama tundu kwenye paa, kila apitaye analiziba. Sikumsikia akilalamika zaidi ya hapo. Lakini alianza kuzeeka, jino moja la mbele lilikuwa linacheza, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele ni mkulima tu. Niliona kwamba siku jino lile litakapodondoka, wimbo utabaki kwenye kanda za watu wengine, wote wakiwa wamemkimbiza bibi yangu.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya ualimu Bugomora, miaka ya tisini ikiwa imeanza, nilinunua radio ya kaseti. Wenzangu walinunua magodoro. Niliwaza jambo moja: kuurekodi wimbo pale pale unapostahili, uani kwa bibi, na kimya chake chote, cha urefu wake wa siku hiyo. Bibi wakati huo alitembea kwa fimbo na kwa ukuta. Baba aliniandikia kwamba yuko tayari, na kwamba nimpe habari za miguu bila kuficha.

Tulikutana shuleni pangu pa zamani, tukatembea wote mpaka konani. Nikamwambia hapo, nikiwa mwanamke mzima, mwalimu, kwamba ile Krismasi goti la bibi lilikuwa limevimba na nilijua. Alitafuna buni yake mpaka ikaisha.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nilikuwa nimekuletea gauni."

Gauni lile nililikumbuka. Sikuwahi kulivaa mpaka likanibana, na nilijisikia kulia, lakini betri zangu zilikuwa zimeanikwa juani kule nyumbani zipate nguvu, nikaogopa jua litapita. Nilimwacha pale, nikatangulia.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua kahawa. Niliweka radio kwenye kigoda karibu naye, nikamweleza kwamba afanye kama siku zote, ainuke, aende taratibu, wala asijali. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi mtiifu. Nikabonyeza.

Sehemu ya kwanza ilikuja ikitetemeka kidogo kwa sababu ya lile jino, ikapanda, ikaisha. Kimya kikaanza. Nilimtazama bibi, nikisubiri ashike fimbo. Aliendelea kuchambua kahawa. Nilidhani hajasikia, nikamgusa bega, akanitazama kwa macho ya mtu aliyesikia vizuri sana.

"Kamwite aje," alisema. "Leo sitoki."

Nilizima radio, nikakimbia. Baba alikuwa amesimama konani na tarumbeta kifuani, midomo inacheza, anahesabu. Aliponiona nakimbia uso ulimbadilika wote, akauliza kama ameanguka. Nikasema hapana, anakuita. Akauliza nani yuko naye. Nikasema hakuna mtu, anakuita wewe. Aliegemeza baiskeli kwenye mbuni, ikaanguka, hakuiokota. Kisha akajipapasa mifuko, akasema kwa sauti ya mtoto kwamba hakuja na kile kitenge.

Aliingia uani kwa hatua fupi, akasimama penye kinu, akageuzia uso kwenye migomba. Bibi naye alikuwa ameugeuzia uso kwenye ghala. Walikaa hivyo kila mtu na upande wake, na mimi katikati sikuwa na kazi yoyote.

"Shikamoo mama," baba aliiambia migomba.

"Marahaba, mwanangu. Geuka, shingo itakuuma."

Akageuka. Bibi akageuka. Walitazamana kwa muda ambao sikuupima, kisha bibi akasema kwamba alidhani ni mtu mrefu, kwa jinsi anavyopiga kwa nguvu. Baba alicheka huku machozi yanamtiririka, akaketi chini kwenye udongo, pembeni ya mkeka. Hakujizuia, akamuuliza kwa nini alikikataa kitenge, na kama ni kwa sababu ya siku ile ya ungo. Bibi alilazimika kufikiri siku ipi. Alipoikumbuka alisema siku ile alisikitikia kahawa yake.

"Ningekipokea kile kitenge," alimwambia, "ungeanza kuingia hapa kimyakimya kama jirani anayekuja kuomba moto. Kijiji hiki chote, nani mwingine anapigiwa tarumbeta ili ainuke?"

Miaka yote ile baba alibeba lile "bado" kama hukumu, kumbe lilikuwa ombi la kuendelea kupigiwa. Nilimwona anafungua na kufunga vifungo vya shati lake. Bibi akamwachia apumue, kisha akamwomba ampigie ile sehemu ya mwisho, maana hajawahi kuisikiliza vizuri hadi mwisho. Baba alidhani ni utani. Alimwambia ameisikia tangu aoe, mara tatu kila mwaka.

"Nilikuwa ndani nahema," bibi alisema. "Nikimaliza kuhema, na wewe umemaliza kupiga."

Baba aliinamisha kichwa. Alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia kimya hakitoshi, yeye angesubiri mpaka jua lizame. Bibi akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, na mwanamke gani atamtuma mjukuu wake amwambie mkwe kwamba amezeeka?

Baba aliinuka. Alijifuta uso, akalamba midomo, akalisukuma lile jino kwa ulimi mpaka likakaa. Nilirudi kwenye kigoda nikabonyeza tena. Alianza tangu mwanzo, zile sauti za chini zinazopanda, amemtazama bibi, na bibi amemtazama yeye, mikono imetulia kwenye kahawa. Sehemu ya kwanza ilipoisha nilizuia pumzi, nikisubiri kimya changu nilichosafiri kukifuata. Hakunyamaza. Aliingia moja kwa moja sehemu ya pili, akaipiga mpaka mwisho, sauti mbili zikavunjika njiani, na bibi akatikisa kichwa kwa kila moja kama aliyekuwa akiingojea.

Ninayo kanda hiyo hadi leo. Wanaoujua wimbo vizuri wakiisikia huniambia imeharibika kama zile nyingine, kimya kimekatwa. Huwa siwabishii. Mama mkwe alikuwa amekaa, na baba hakuwa na mtu wa kumsubiri aondoke.